Mtoto Afunzwe kama Fundi Anavyofunzwa

Ndugu Wanachama,

Kila mahali wafanya kazi wanapokutana siku hizi, katika kantini, katika gari la asubuhi, na hata katika mkutano wa tawi baada ya ajenda kwisha, habari ni moja: masomo ya watoto. Huyu analalamika kuwa ameambiwa anunue karatasi za manila na gundi. Yule anasema mwanawe ametumwa alete mbegu, makopo na vitambaa. Mwingine anauliza, "Mwalimu anafanya kazi gani, ikiwa mimi ndiye ninayefundisha usiku?" Wako wanaosema kuwa mafunzo haya mapya ni upuzi, na ya kuwa afadhali turudi kwenye ubao na kukariri kama zamani. Wako wengine wanaosema kuwa Serikali imekwisha kata shauri, basi tunyamaze.

Mimi sikubaliani na hao wala hao. Nasema njia hii ya kumfunza mtoto ni njema, tena ni njia ambayo sisi watu wa karakana tunaijua kuliko watu wengi. Lakini njia hii ina masharti yake, na masharti hayo hayakutimizwa. Kuyadai ni kazi ya wafanya kazi, kwa sababu watoto wanaoumia ni wetu.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Katika mafunzo ya zamani mwalimu alisimama mbele, akaandika ubaoni, watoto wakanakili na kukariri, na mwisho wa mwaka wakayarudisha maneno yale yale katika mtihani. Mwalimu ndiye aliyesema, mtoto ndiye aliyesikia. Katika mafunzo mapya yatakiwa mtoto ndiye awe katikati. Aulize, ajaribu, ashike kitu kwa mkono wake, afanye kazi pamoja na wenziwe wanne au watano, kisha aeleze alilolipata. Naye mwalimu apite kati yao akitazama ni nani ameelewa na ni nani amekwama. Huo ndio moyo wa mtaala wa umilisi, ambao wengi wetu tunauita CBC. Ulianza kufundishwa nchini kote Januari 2019 katika madarasa ya chini, ukachukua polepole mahali pa 8-4-4 iliyoanza mwaka 1985. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Kundi la kwanza la CBC lilifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwishoni mwa mwaka 2025, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10. Basi mambo haya si ya kesho. Watoto wetu wamo ndani sasa hivi.

Sasa nawauliza wenzangu wa karakana: njia hii ni ngeni kwetu? Sivyo hata kidogo. Hakuna fundi aliyejua kazi kwa kunakili ubaoni. Chukua mtu anayejifunza kukagua magurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima likigongwa hulia kama kengele, na sauti yake hukaa. Lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Waweza kuiandika habari hiyo katika daftari mara 100, na bado ufa ukikutana nao usiujue. Fundi mwenye akili humpa mwanafunzi nyundo mkononi, humwacha agonge, kisha humwuliza, "Umesikia nini?" kabla ya kumpa jibu. Akikosea haambiwi kuwa yeye ni mjinga. Hurudishwa kwenye gurudumu lile lile, agonge tena na alinganishe na la pili, mpaka sikio lake lijue. Hivyo ndivyo mtu anavyofunzwa kupiga tupa, kufunga breki, kuunga chuma. Mwanafunzi yuko katikati ya kazi na fundi yuko kando yake. Wataalamu wa elimu wameiandika katika vitabu vyao kwa majina marefu, lakini jambo ni lile lile.

Kwa hiyo mtu wa karakana akisema kuwa mtoto hawezi kujifunza kwa kujaribu na kuuliza, anaikana kazi yake mwenyewe.

Lakini, ndugu zangu, tukumbuke pia ni mambo gani yaliyofanya mafunzo ya fundi yafaulu. Mimi nayahesabu kuwa manne. La kwanza, wanafunzi walikuwa wachache: wawili, watatu, labda sita kwa fundi mmoja, wala si 60. La pili, vifaa vilikuwa vya kazi. Hakuna mwanafunzi aliyeambiwa na fundi wake, "Kesho njoo na tupa yako, na kipande cha chuma, na mafuta, mwambie baba akununulie." La tatu, mafunzo yalifanywa katika saa za kazi, mbele ya fundi, wala si usiku nyumbani mbele ya mtu asiyejua kazi ile. La nne, fundi mwenyewe alikuwa mtu mwenye cheo chake, ajira yake na mshahara wake, hata akawa na moyo wa kumfunza mwingine. Ondoa moja katika haya manne na mafunzo yatalegea. Ukiondoa yote, litabaki jina tu.

Sasa tuyapeleke haya manne shuleni, tuone.

Habari ya idadi. Katika mitaa tunakokaa sisi, darasa la watoto 60 si jambo la ajabu. Tangu elimu ya msingi iwe bila karo Januari 2003 watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni kwa mwaka mmoja, nayo ni baraka kubwa ambayo hatutaki irudishwe nyuma. Lakini walimu na vyumba havikuongezeka kwa kadiri ile. Haya, tufanye hesabu. Somo la shule ya msingi katika madarasa ya juu ni dakika 35. Mwalimu akitaka kumtazama kila mtoto mmoja mmoja, watoto wakiwa 60, kila mtoto atapata sekunde 35, na mwalimu hajasema neno lolote kwa darasa zima. Katika sekunde 35 hata spana haijakaa sawa mkononi. Mwalimu huyo afanye nini? Atarudi ubaoni, na hatuwezi kumlaumu.

Habari ya vifaa. Fedha ambazo Serikali imepanga kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Zigawe kwa siku 365: hazifiki shilingi 4 kwa siku, nazo ndizo za vitabu, chaki, matengenezo na mambo mengine yote. Katika sekondari msingi zilipangwa shilingi 15,042 kwa mwaka, lakini mwalimu mkuu yeyote atakuambia kuwa fedha kupangwa ni jambo moja na fedha kufika ni jambo lingine. Mtaala wenye kutaka rangi, karatasi, mbao, mbegu na vyombo vya kupimia hauwezi kwenda kwa shilingi 4. Kinachopungua kinatolewa na nani? Kinatolewa na mzazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Ikiwa kila juma nanunua manila na gundi, basi karo imerudi kwa mlango wa nyuma.

Habari ya saa. Mtoto anapewa kazi ya nyumbani: tengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani, au ngoma, au piga picha za kitu fulani zikachapishwe. Mwanachama mmoja wa karakana yetu alitoka zamu saa mbili usiku, akamkuta mwanawe mlangoni na karatasi yenye orodha ya vitu vya kupelekwa shule kesho yake asubuhi. Maduka yalikuwa yanafungwa. Mama naye alikuwa sokoni tangu alfajiri. Nyumba kama hiyo itafanya nini? Itakwenda saiba, mtu alipwe aitoe kazi ile ikiwa imekwisha tengenezwa. Mtoto amejifunza nini? Amejifunza kuwa kazi hununuliwa.

Na hapa ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawajaiona. Kazi hizi si mchezo. Katika kuwapanga watoto wa Gredi ya 9 kuingia sekondari pevu, hesabu iliyotumika ni hii: mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, na alama za kazi zilizofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Nia ya hesabu hiyo ni nzuri, yaani mtoto asihukumiwe kwa siku moja. Lakini ikiwa kazi zile zinafanywa nyumbani, basi mtoto wa nyumba yenye kompyuta, na mama aliyesoma, na fedha za rangi, ataleta kazi safi. Mtoto wa mfanya kazi wa zamu ataleta kipande cha katoni. Mwalimu akizitia alama kazi zile mbili, atakuwa ametia alama mifuko ya wazazi, na mifuko hiyo ndiyo itakayosaidia kuamua ni nani aende shule gani. Twaambiwa mtoto yuko katikati, lakini hapo aliyewekwa katikati ni baba yake na mfuko wake.

Habari ya fundi, yaani mwalimu. Sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023, shule nyingi zilipata mwalimu mmoja tu wa madarasa hayo kwa mwanzo, na masomo yalikuwa mengi kabla ya kupunguzwa kuwa 9 mwaka 2024. Maelfu ya walimu waliandikwa na TSC kwa jina la wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Tarehe 17 Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilisema kuwa TSC haikuwa na mamlaka ya kuwaandika walimu kwa namna hiyo, na mwezi uliofuata walimu hao waligoma. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu yao walipewa kazi ya kudumu, lakini wapya wakaandikwa tena kwa jina lile lile la wanagenzi. Sisi twajua maana ya mwanagenzi. Mwanagenzi ni mtu mwenye fundi kando yake. Mwalimu mwenye cheti chake, aliyewekwa peke yake mbele ya darasa na kufanya kazi nzima, si mwanagenzi. Ni mfanya kazi anayelipwa pungufu.

Pengine msomaji atasema, "Hizi ni taabu za mwanzo tu, zitakwisha." Ningalisadiki maneno hayo kama jambo hili lingalikuwa la mara ya kwanza. Lakini nchi hii imekwisha kulipitia mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa zamani za ukoloni. Mwaka 1957 kituo maalum hapa Nairobi kilianza kujaribu njia mpya katika shule za Wahindi, na baadaye ikaletwa katika shule za Waafrika kwa jina la New Primary Approach. Watoto walikaa vikundi vikundi, wakashika vitu, wakahesabu kwa vijiti na vizibo, wakafunzwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mahali walipokuwapo walimu waliofunzwa vema, na wasimamizi wa kuwatembelea, na vifaa vya kutosha, matunda yalionekana. Basi kila mtu akaitaka. Baada ya Uhuru ikaenezwa upesi kuliko walimu walivyoweza kufunzwa, vifaa vikawa haba, na madarasa mengi yakabaki na jina la njia mpya na kazi ya zamani.

Mara ya pili ilikuwa hiyo hiyo 8-4-4 ambayo wengine wanaililia leo. Ilipokuja mwaka 1985 wazazi waliambiwa kuwa mtoto atajifunza kwa mikono: useremala, ushonaji, upishi, kilimo. Wazazi wakachangishwa harambee kujenga karakana za shule. Vyumba vikasimama, lakini katika shule nyingi za maskini vifaa havikuja. Watoto wakafunzwa useremala kwa kuchora randa ubaoni. Mtaala uliporekebishwa mwaka 2002, masomo mengi ya mikono yaliondolewa katika mtihani, na vyumba vile vikageuzwa stoo. Mfanya kazi alitoa harambee yake na mwanawe hakushika randa.

Mara zote mbili wazo lenyewe halikuwa na ubaya. Palipokosekana fedha na watu, mzigo ulitupwa chini, kwa mzazi na kwa mwalimu, na walipochoka nchi ikaambiwa kuwa wazo ndilo lililoshindwa. Yafaa tuliangalie jambo hili lisitendeke mara ya tatu.

Nawajibu pia wenzangu wanaotaka turudi zamani. Zamani ipi? Wakati mtoto alipopigwa kwa kukosa kukariri, na mtihani mmoja wa darasa la nane ulipomwambia mtoto wa miaka 14 kuwa yeye si kitu? Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni na masomo yangu yakaishia hapo. Katika karakana nimefanya kazi na watu ambao shule iliwaita wajinga, nao wanaweza kusikia ubovu wa injini kabla haijafika stesheni. Hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewapa nyundo mkononi na kuwauliza, "Umesikia nini?" Sitaki watoto wetu wapotezwe vivyo hivyo. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na kisirudi.

Basi tufanye nini? Maneno matupu hayasaidii. Naleta mambo matano, wanachama wayafikiri.

Kwanza, kazi zote zenye alama zifanyiwe shuleni, katika saa za shule, mbele ya mwalimu. Nyumbani mtoto asome, aulize, asaidie kazi, lakini alama zisitoke nyumbani. Jambo hili halina gharama kubwa, na mzazi yeyote anaweza kulisema katika mkutano wa shule.

Pili, vifaa viwe vya shule. Visipotosha, watoto watumie kwa zamu, kama sisi tunavyotumia vifaa kwa zamu. Karakana nyingi hutupa vipande vya mbao, mabati na nyaya ambavyo kwa mtoto ni mali. Matawi yetu yaombe kwa barua, kwa njia ya halali, vitu visivyo na hatari vipewe shule za jirani. Lakini msaada huo usiwe sababu ya Serikali kukwepa wajibu wake.

Tatu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawapa wazazi nafasi katika Bodi ya Shule na katika chama cha wazazi. Nafasi hizo huchukuliwa na wenye maduka na wenye siasa, kwa sababu mikutano hufanywa wakati sisi tuko zamu. Chama chetu kipeleke kwa waajiri ombi la mzazi kupewa ruhusa ya kwenda mkutano wa shule walau mara moja katika kila muhula, bila kukatwa mshahara. Hilo ni jambo la mezani kabisa, kama vile posho na nyumba.

Nne, walimu si adui zetu. Tangu KNUT ilipoundwa mwaka 1957 walimu ni wafanya kazi wenye chama kama sisi. Wanapodai waongezwe idadi, na kila mwalimu aandikwe kazi ya kudumu, wanadai pia kwa ajili ya watoto wetu. Mzazi anayemtukana mwalimu kwa sababu ya orodha ya manila anamtukana mtu ambaye naye amepewa kazi bila vifaa. Tuelekeze sauti zetu kule bajeti inakokatwa.

Tano, na hili ni la nyumbani kwetu. Usimfanyie mtoto kazi yake. Ukirudi zamu na miguu inauma, huna haja ya kununua kitu chochote. Mwambie, "Hebu nieleze, leo mmefanya nini?" Akieleza vibaya, usimkaripie. Mwulize, "Umejuaje?" Mwache afikiri. Mtoto anayeweza kumweleza baba yake jambo mpaka baba akaelewa, huyo amelijua. Dakika 10 za namna hiyo zina faida kuliko sanamu ya shilingi 300 iliyonunuliwa saiba. Na ikiwa wewe hukusoma sana, hapo ndipo pazuri zaidi, kwani utauliza maswali ya kweli.

Naomba matawi yaliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, si baada ya ajenda. Kila mwanachama mwenye mtoto shuleni aje na hesabu mbili zilizoandikwa: watoto wangapi wako katika darasa la mwanawe, na fedha ngapi ametoa kwa vifaa tangu mwaka uanze. Tukizikusanya hesabu hizo kutoka kila stesheni na kila karakana, tutakuwa na jambo la kuwaonyesha wakubwa ambalo hawawezi kuliita manung'uniko. Katibu wa tawi azipokee kabla ya mwisho wa mwezi.

Umoja ni nguvu.

Ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Karakana